Chumba cha Juu na Kipande cha Nabati

Matrah, Ijumaa, 16 Oktoba 1970

Daftari hili alinipa Aflah. Alilinunua aandike majina ya waalikwa wa harusi yake, akagundua kuwa kurasa ni nyingi kuliko jamaa. Akanipa na kalamu, akasema, "Muhsina, wewe unayezungumza peke yako, zungumza humu, utuachie masikio yetu."

Basi nazungumza humu.

Leo tumetimiza wiki tano, mimi na bibi yangu Masouda, katika chumba cha juu cha nyumba hii. Tulitoka Unguja, tukapita Dar es Salaam, tukakaa Dubai miezi saba, na mlango wa nchi hii ulipofunguliwa tukaingia. Chumba kilikuwa cha dada yake Bibi, marehemu Bakhita, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Nyumba iliyobaki ni ya Ami Thani, mtoto wa kambo wa Bakhita na baba yake Aflah. Ami Thani alikulia Unguja kwa mama yake mpaka alipokuwa na miaka kumi na mitano, kisha baba yake akamwita huku. Kiswahili chake ni kama chetu, ila hukitumia kama mtu anayevaa viatu vya sikukuu: mara chache, na kwa tahadhari.

Leo baada ya sala ya Ijumaa alipanda, akasimama nje ya mlango, macho kwenye kizingiti. Bibi humwita Khaloo, yaani mama mdogo, kama alivyomwita Bakhita.

"Khaloo, Aflah anaoa baada ya Idi. Bibi harusi hana pa kuwekwa ila hapa. Nimezungumza na binamu yangu wa Qantab. Nyumba yake pana, na samaki hawakosekani."

"Qantab kunakwendwa vipi?" Bibi akauliza.

"Kwa mashua."

"Mwanangu Thani, mimi nimekuja kwa meli kubwa yenye ngazi, na nilitapika mpaka nikasahau jina langu. Kwa mashua utapeleka sanda."

Hakucheka. Alisema "Inshallah kheri," akashuka.

Nimeandikisha jina langu kufundisha katika shule ya wasichana. Sharti lao ni ukubali kuja kwa miguu kila asubuhi. Kutoka Qantab hakuna njia ya miguu wala ya gari, ni milima na bahari tu. Nakitaka chumba hiki kwa namna inayonitisha. Nakitaka kama mtu anavyotaka kuamini kwamba amefika.

Nimeamua simpendi Ami Thani.

Jumamosi, 17 Oktoba

Joto. Kuta zinatoa jasho. Bibi hajasema neno.

Jumatatu, 19 Oktoba

Bibi amesema neno. Amesema, "Fungua sanduku la Bakhita."

Ndani mna barua, nyingi zimekunjwa nyembamba kama ukili. Zote ni za Kiajemi. Wazee wa Bibi ni watu wa Lar, kule Uajemi, ng'ambo ya maji. Kutoka huko wakaja Matrah, na kutoka Matrah baadhi wakenda Unguja. Bibi alifundishwa Kiajemi na baba yake, na mimi nikafundishwa na Bibi, alasiri kwa alasiri, barazani kwetu Malindi, nilipokuwa nataka kucheza. Leo nimemshukuru. Akasema amenisamehe.

Barua ya zamani kuliko zote ni ya mwaka 1211 wa Hijra. Mama mmoja wa Lar anamwandikia binti yake Gulandam, aliyeolewa hapa Matrah. Anampelekea malimau makavu, sindano tano, na nasaha: "Mume ni wingu. Likinyesha, shukuru. Lakini wingu halina mlango. Tafuta mlango wako." Kisha kurasa mbili nzima juu ya jirani ambaye mfereji wake unamwaga maji uani kwao, na kadhi wa Lar aliyekuja kuutazama akateleza, akaanguka, akatoa hukumu hapo hapo akiwa amekaa chini.

Nimecheka mpaka Nasriya, mke wa Ami Thani, akaita kutoka chini: "Huko juu kuna harusi tusiyoalikwa?"

Alhamisi, 22 Oktoba

Nimeipata!

Chini kabisa ya sanduku, ndani ya kitambaa cha hariri, mna hati. Gulandam, mwanamke yule yule, alipokuwa mzee, alifanya suluhu na binti yake. Nimeifasiri neno kwa neno:

"Nimesuluhiana naye juu ya chumba cha juu, na mlango wake, na ngazi yake, na upepo wake, kiwe cha mwanamke wa ukoo wetu asiye na dari ya mume, na yeye atakayefuata achaguliwe na aliyemo. Na badala yake nimepokea kipande cha nabati kwa mkono wangu, nikakila, nikaridhika."

Nabati ni ile sukari ya mawe ing'aayo kama kioo, wanayotia Waajemi ndani ya chai. Bibi anasema ndivyo walivyokuwa wakifanya wazee: ukitaka kumpa mtu kitu chako kwa suluhu na usitake malipo, unapokea kitu kidogo kitamu ili mapatano yawe na pande mbili. Asiyepokea kitu hajasuluhiana, ametamani tu.

Pembezoni mwa hati wameandika wanawake sita, mmoja baada ya mmoja, kila mmoja kwa mkono wake: nimepokea nabati, nimekila kipande, nimeridhika. Wa sita ni shangazi yake Bakhita, alipompa Bakhita chumba. Baba yake Ami Thani alipoinunua nyumba hii aliinunua bila chumba cha juu. Imeandikwa nyuma ya hati hiyo hiyo.

Nikashuka ngazi mbili mbili kumwonyesha Ami Thani. Akaigeuza hati huku na huku.

"Mimi sijui Kiajemi," akasema.

"Nitakusomea, Ami."

"Wewe ndiye mwenye kutaka chumba, na wewe ndiye msomaji." Akanirudishia. "Baniani hafanywi mizani ya duka lake mwenyewe."

Nilipanda nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwamba ana haki.

Ijumaa, 23 Oktoba

Afadhali nisingesoma tena. Leo, kwenye mwangaza mzuri wa asubuhi, nimeona ubavuni mstari wa saba. Ni mwandiko wa Bakhita, umepinda, wa mtu anayeanza kupoteza macho. Rajabu 1383: "Nimesuluhiana na dada yangu Masouda aliye Unguja, kwa nabati atakayoniletea. Ikifika nitaandika hapa chini."

Hapa chini hapana kitu. Karatasi tupu.

"Bibi, alikuandikia umpelekee nabati?"

"Aliandika. Miwani yangu ilikuwa imevunjika, barua ikasomwa na karani wa bandarini, haraka haraka. 'Niletee nabati kwa mkono wako, roho yangu itulie.' Nikafikiri ana kikohozi."

"Ukapeleka?"

"Nani atampelekea mtu wa Maskati sukari? Nisingechekwa? Wao ndio wanaotuletea sisi!" Bibi akaiweka sawa kanga yake. "Nilimpelekea kashata za nazi."

Nikakaa chini.

Jumamosi, 24 Oktoba

Kashata.

Jumanne, 27 Oktoba

Nasriya amepanda kupima dirisha kwa ajili ya mapazia. Amepima kwa shubiri, huku anaimba. Bibi akamwambia, "Mkono wako mfupi, mwanangu, utapungukiwa kitambaa." Wakaingia kubishana juu ya vitambaa vya India na vya Japani, na mwisho wakanywa kahawa pamoja. Mimi sikunywa. Nilikuwa kona yangu nikiwatazama wote wawili kama wasaliti.

Jumapili, 1 Novemba

Ramadhani mwezi mosi. Upepo umegeuka, asubuhi kulikuwa na ubaridi kidogo. Nasriya amepandisha sahani ya vitumbua. Sijui kama ni vya wema au ni vya kuaga.

Alhamisi, 5 Novemba

Ami Thani alikuja tena mlangoni. Nikamwambia, kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kwamba tutakwenda kwa kadhi.

"Vyema," akasema. "Kadhi akisema ni chenu, mimi nitanyamaza. Akisema si chenu, nitawapeleka Qantab mwenyewe, na nitamshika mkono Khaloo njia nzima." Kisha akaongeza, bado akitazama kizingiti, "Sitaki mtu aseme nimemtoa mzee nyumbani. Lakini mwanangu ataweka wapi mke?"

Nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema. Nilitaka kuyaandika kwa ubaya, yamekataa.

Jumatatu, 9 Novemba

Nimeandaa hotuba ya kumwambia kadhi. Kurasa nne za Kiarabu fasaha. Bibi alisinzia kwenye wa pili.

Jumamosi, 14 Novemba

Mvua! Ilianza adhuhuri, na kufikia alasiri wadi, ule mkondo ulio mkavu siku zote, ilikuwa inapita mbele ya nyumba ikibeba vikapu, ndoo, na mlango mzima wa mtu. Maji yakaingia chini. Nasriya akapiga kelele, Aflah akabeba mazulia, na ndani ya nusu saa familia nzima ilikuwa imepanda kwetu, imekaa miguu juu kwenye mikeka, na sufuria za futari katikati ya chumba kama wageni wa heshima.

Tukakaa hivyo tukisubiri adhana. Aflah, ambaye hawezi kukaa kimya, akasema, "Muhsina, tusomee hizo barua zako tusisikie njaa."

Nikawasomea ile ya kadhi aliyeteleza. Nasriya alicheka hadi machozi yakamtoka. Nikawasomea ya mwanamke aliyekataa kurudi kwa mumewe mpaka aandikiwe kwamba mama mkwe hatagusa funguo za ghala. "Huyo ana akili," akasema Nasriya, akimtazama Bibi kama anayetafuta shahidi. Aflah akasema, "Mama, usimwonyeshe mchumba wangu Aliya barua hiyo kabla ya harusi."

Kisha nikasoma mstari wa saba wa hati, na Bibi akaeleza habari ya kashata. Wote wakacheka. Ami Thani hakucheka. Aliuliza, "Zilikuwa ndani ya nini?"

"Ndani ya kibati cha biskuti," Bibi akasema. "Nilikifunga kwa gundi ya unga. Kwa nini?"

Ami Thani aliinuka, akasema anakwenda kuangalia maji, akashuka. Maji yalikuwa yangali yanapanda.

Jumapili, 15 Novemba

Matope. Tumefagia siku nzima. Nasriya na mimi tumekuwa kama dada, ila hatusemi habari ya chumba.

Alhamisi, 19 Novemba

Tumekwenda kwa kadhi asubuhi, saa nne. Ami Thani mbele, Bibi na mimi nyuma, Bibi akilalamika kwamba jua la Ramadhani lina meno.

Kadhi ni mzee mwembamba, kilemba chake kikubwa kuliko uso. Nikaanza hotuba yangu. Nilifika sentensi ya tatu.

"Binti," akasema kwa upole, "wewe una ilimu na mimi nina saumu. Nisomee hati tu."

Nikamsomea. Mzee mmoja wa sokoni anayejua Kiajemi aliitwa, akahakikisha kwamba sikuongeza wala kupunguza. Nikamweleza pia kwamba badala ya nabati Bibi alipeleka kashata. Kadhi akamgeukia Bibi.

"Hii kashata ni nini?"

Bibi alikuwa anaingojea siku hii maisha yake yote. "Ni nazi, Shekhe. Unaikuna ikiwa mbichi, si kavu. Unaweka sukari jikoni, unakoroga, unakoroga, mpaka inaanza kuvutika kama uzi. Hapo unatia nazi, na iliki uliyoitwanga saa ile ile. Ukiinusa, Shekhe, nyumba nzima..."

Karani aliacha kuandika. Mtu mmoja aliyekuja kwa kesi ya mbuzi alimeza mate, na sote tukamsikia.

"Inatosha, Bibi," kadhi akasema. "Magharibi iko mbali. Niambie tu: kati ya sukari na nazi, ipi ni zaidi?"

"Sukari, Shekhe. Nazi ni kisingizio."

Kadhi akaficha mdomo kwa ncha ya kilemba. Alipouonyesha tena ulikuwa wa hukumu. "Basi, kwangu mimi, inaweza kusimama mahali pa nabati, mradi mwenye chumba aliipokea kwa nia hiyo na akaridhika. Lakini aliipokea? Aliila? Nani alimwona?"

Bibi alikuwa Unguja. Nasriya siku hizo alikuwa kwao, anauguza mamake.

"Nani mwingine alikuwamo nyumbani?"

"Mimi," akasema Ami Thani.

Kadhi akamgeukia. "Wewe ndiye unayekidai chumba, na wewe ndiye macho pekee yaliyokuwapo. Hilo ni zito kwa mtu aliyefunga. Sitakuuliza leo. Rudi nyumbani, ukumbuke. Njoo Jumatatu."

Ijumaa, 20 Novemba

Hakuna anayesema na mwenziwe. Hata Aflah.

Jumamosi, 21 Novemba

Akisema "sikumbuki," basi. Neno moja, wala si uwongo mkubwa, watu husahau. Nimefunga nguo zetu kwenye mafurushi mawili. Bibi amezifungua akazirudisha sandukuni bila kuniuliza.

Jumapili, 22 Novemba

Kutoka dirishani nimemwona Ami Thani amekaa uani peke yake kabla ya alasiri. Nilimtazama kwa muda. Nimeishi juu ya kichwa chake wiki kumi na sijawahi kujiuliza kilikuwa na nini ndani. Mvulana wa miaka kumi na mitano, anaitwa na baba asiyemjua, anapanda meli Unguja, anashuka hapa mahali pasipo hata mnazi. Sisi tuliondoka wawili. Yeye aliondoka peke yake.

Bado nakitaka chumba.

Jumatatu, 23 Novemba

Naandika yote, kwa utaratibu, maana nikikimbia nitaharibu.

Kadhi aliuliza, "Umekumbuka?"

Ami Thani akasema, "Sikusahau hata siku moja." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akainua macho.

"Kibati kilifika mwezi wa Shaabani, kwa meli ya mwisho kabla ya mambo ya Unguja. Khaloo Bakhita alikuwa haoni tena. Mimi ndiye niliyemfungulia. Nilipokiinua kifuniko tu, Shekhe, harufu ikanijia, na mimi nilikuwa sijainusa kwa miaka ishirini na mitatu. Akaniambia, 'Ni nabati?' Nikamwambia, 'Ni kashata.' Akacheka sana. Akasema, 'Masouda ni Masouda. Nipe.' Nikampa kipande. Akakila chote, polepole, kwa meno yake manne. Akasema, 'Nimepokea, nimeridhika, na wewe shuhudia.' Mimi nikadhani anasifu kashata."

"Na mbona hakuandika?"

"Aliniomba nimtafutie mtu wa kumwandikia. Nikasema kesho. Kisha habari za Unguja zikafika, na nyumba ikawa ya kilio, hakuniomba tena." Akainamisha macho tena. "Sikujua ni hati gani. Nimeijua siku ya mvua."

Kadhi akasema chumba ni cha Bibi Masouda, na mahali patupu pajazwe, kwa lugha yoyote wanayoielewa wenyewe, na shahidi atie jina.

Njiani nilitaka kumwambia jambo kubwa. Nilikuwa na Kiarabu fasaha cha kurasa nne kisichotumika. Nikasema tu, "Ahsante, Ami." Akasema, "Tazama unapokanyaga, kuna tope."

Wakati wa futari Nasriya alidai kuelezwa kila kitu. Ami Thani akaeleza. Alipofika kwenye kipande alichokula Bakhita, Nasriya akamkata.

"Na vilivyobaki?"

"Vilivyobaki vipi?"

"Kibati cha biskuti si kipande kimoja, baba Aflah. Vilivyobaki vilikwenda wapi?"

Ami Thani akachukua tende. "Alisema nigawe."

"Ukamgawia nani? Mimi nilirudi baada ya siku tatu, nina mimba ya kitinda mimba, nalilia kitu kitamu usiku na mchana! Ukaniambia nyumbani hamna hata chembe ya sukari!"

Aflah alilala chali kwa kucheka. Bibi alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Na Nasriya, aliyepoteza chumba leo asubuhi bila kulia, sasa alikuwa anadai kashata za miaka saba iliyopita kwa uchungu wa kweli, na alisema asingekubali mapazia, wala harusi, wala suluhu yoyote mpaka zipikwe nyingine.

Alhamisi, 26 Novemba

Barua ya shule imefika. Nimekubaliwa. Naanza baada ya Idi. Hakuna nazi Matrah nzima. Aflah ameagiza kwa nakhodha mmoja wa Salalah, kunakoota minazi.

Jumapili, 29 Novemba

Bibi amemwita Nasriya juu. Nilidhani wataanza tena habari ya kashata. Bibi akasema, "Chumba ni changu, si ndiyo? Basi nna haki ya kukiazima. Aflah na mkewe watakaa humu fungate, siku saba, kwa heshima zao. Mimi na Muhsina tutalala kwako chini. Na katika siku hizo saba Thani atafute fundi ajenge chumba kingine juu ya ghala, maana mahali pa kujenga papo, alichokosa ni haraka tu."

Nasriya akambusu mkono. Mimi sikuwa nimefikiria ghala. Wiki sita nililia, nikafasiri, nikaandika hotuba, na sikuwahi kutazama paa la upande wa pili.

Jumatatu, 30 Novemba. Idi

Baada ya sala na wageni tukakaa kuijaza hati. Nimeandika kwa herufi za Kiarabu, lugha ya Kiswahili, mstari wa kwanza wa Kiswahili chini ya mistari saba ya Kiajemi. "Mimi Masouda nimepokea chumba cha juu, na mlango wake, na ngazi yake, na upepo wake. Marehemu dada yangu Bakhita alipokea kashata ya nazi badala ya nabati, akaila, akaridhika." Bibi akaweka kidole gumba, ijapokuwa anajua kuandika; anasema kidole ni kizito zaidi.

Kisha nikamgeukia Ami Thani. "Shahidi, Thani bin Marhoon. Nimalizie hapo?"

Akafikiri. "Mtu akisoma baada ya miaka mia atajuaje kwamba nilijua ladha yake? Andika kwamba na mimi nilikula."

"Niandike ulikula zilizobaki zote, Ami?"

Akatazama mlangoni kama Nasriya yuko karibu. "Andika 'baadhi.'"

Hati ya sheria ni hati ya sheria. Nimeandika "zote."